Kitoto cha paka kinachorudia mafua na matongo kila mara: mwongozo kamili wa kukiuguza mpaka kitulie

Kila nikiulizwa habari za vitoto vya paka, hadithi ni ile ile. Jicho lilijaa matongo, likatiwa dawa, siku ya tatu likafunguka, watu wakashukuru Mungu na tyubu ikarudi kabatini, wiki mbili mbele kitoto kinapiga chafya upya na jicho limeganda. Hapo mtu anasema dawa mbovu, mwengine anasema huyu paka hana maisha mwacheni tu. Jamani, msimwache. Wengi wao wanaishi vizuri kabisa, ila mafua ya paka hayatibiwi kama kidonda kwamba ukifunga bendeji yameisha, lazima ujue unapigana na nini.

Mara nyingi sababu ni virusi vya hepesi vya paka. Paka akishavipata havitoki tena mwilini, vinalala kwenye mishipa ya fahamu ya usoni, paka akipata shida yoyote vinaamka. Kuna na kalisi, kirusi chengine cha mafua ya paka, hichi ndo kinachotoa vidonda mdomoni na kwenye ulimi. Juu ya virusi huja bakteria, klamidia na mikoplazma, ndo wanaofanya jicho livimbe na usaha uwe wa kijani. Kwa hiyo kazi zako ni tatu: kuwamaliza bakteria kwa dozi kamili, kulilinda jicho lisiharibike wakati mwili unapambana, na kutafuta nini hapo nyumbani kinaviamsha virusi kila mara. Watu wengi wanafanya nusu ya ile ya kwanza basi.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Vikusanye kabla hujamgusa paka, mana ukishamkamata ndo unaanza kutafuta pamba, ushamkosa.

- Maji ya dripu ya chumvi (normal saline ya asilimia 0.9), yapo duka lolote la dawa, chupa ya mililita 500 bei ndogo. Angalia yasiwe ya glukosi. Ukikosa, chemsha maji, pima mililita 300, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe. Hayo ya kutengeneza yatumie siku hiyo hiyo tu.
- Pamba, au fulana kuukuu ya pamba uikate vipande vidogo vidogo.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Taulo au kipande cha kanga kilaini cha kumfungia.
- Boksi, matambara, na chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi.
- Bomba la sindano bila ya sindano, la mililita 1 na la mililita 5.
- Bakuli lake mwenyewe, na sanduku lake la mchanga.
- Daftari na kalamu. Usiliruke hili, utaona mbele kwanini.

## Hatua ya 1: Angalia kwanza kama hii ni kazi ya nyumbani

Kuna hali ambazo hata uwe fundi vipi humuuguzi nyumbani, unambeba kwa daktari wa mifugo leo leo:

- Anapumua mdomo wazi, au mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mhesabie akiwa amelala, ikizidi 40 kwa dakika si nzuri.
- Hajala kwa saa 12 na bado hajafika wiki nane. Mkubwa kidogo mpe mwisho saa 24.
- Mwili wa baridi, kalegea, ukimnyanyua ananing'inia tu.
- Jicho lina ukungu mweupe au wa buluu, lina kitundu, au kalibana hataki kabisa kulifungua.
- Kitoto cha siku chache ambacho macho hayajafunguka bado na kope zimevimba. Nyuma ya kope pana usaha, usipotoka unaila mboni. Usimfungue mwenyewe kwa kucha.

Jicho linalobanwa ndo linalodharauliwa kuliko yote. Hepesi inatoboa kioo cha jicho, kidonda hicho kwa macho matupu huwezi kukiona, daktari anatia rangi inayong'aa kijani akimulika ndo kinaonekana. Jicho linaweza kuwa halina matongo mengi na huku linapotea.

## Hatua ya 2: Mtenge

Mpe chumba chake, au hata kona ya stoo yenye mlango. Paka akipiga chafya mate yanaruka mita moja mpaka mbili, lakini kinachosambaza zaidi ni mikono yetu, nguo zetu na mabakuli. Hepesi nje ya mwili haidumu, siku moja haifiki. Kalisi inakaa wiki kadhaa kwenye sakafu kavu.

Utaratibu ni kuwahudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, halafu nawa mikono kwa sabuni. Watoto wa nyumbani wafundishwe hivo hivo, mana klamidia ya paka mara chache sana inaweza kumpa mtu macho mekundu. Virusi vyenyewe vya mafua ya paka haviwashiki watu, kwa hiyo bibi asiogope.

Kusafisha, tumia Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu 20 za maji, iache dakika kumi halafu suuza na kausha kabla hujamrudisha paka. Osha uchafu kwa sabuni kwanza, Jik juu ya uchafu haifanyi kazi. Spiriti haimalizi kalisi. Na zile dawa za kuoshea zinazogeuka nyeupe zikiingia maji, mfano Dettol, ziweke mbali kabisa, paka analamba miguu yake na ini lake haliwezi kuzitoa.

Muda wa kumtenga ni wiki mbili kwa uchache, hata kama anaonekana mzima.

## Hatua ya 3: Joto na mizani

Kitoto cha chini ya wiki nne hakiwezi kujipasha joto chenyewe, na kitoto cha baridi tumbo lake halisagi chakula. Kwa hiyo joto kwanza, maziwa baadae. Weka chupa ya maji ya moto upande mmoja wa boksi tu ili akihisi joto limezidi ajisogeze. Miezi ya kipupwe usiku unakuwa na upepo na nyumba za Mji Mkongwe kuta zake zinatoa unyevu, usimlaze chini kwenye sakafu.

Mpime kila asubuhi saa ile ile kabla hajala, uandike. Kitoto kizima kinaongezeka kama gramu 10 mpaka 15 kwa siku. Akisimama siku mbili ujue kuna jambo, akipungua usingoje. Mizani inakwambia mapema kuliko macho yako, mana paka anaficha ugonjwa mpaka umemzidi.

Ukimpima homa, joto la kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39.2.

## Hatua ya 4: Kuosha macho

Hapa ndo pengi panapoharibika kwa hiyo nitakwenda pole pole.

Mfunge kwenye kanga, miguu yote minne ndani, kichwa tu nje. Mkalishe mapajani mgongo wake ukiegemea tumbo lako, asikuone uso kwa uso mana anaogopa. Pasha maji ya chumvi yawe ya uvuguvugu, yajaribu kwenye kifundo cha mkono.

Lowesha pamba ichuruzike, iweke juu ya jicho lililofunga na uiache. Usifute! Hesabu pole pole mpaka sitini. Itoe, chukua nyengine iliyolowa, rudia. Matongo yaliyokauka yanashika manyoya ya kope, ukiyavuta makavu unang'oa ngozi na kitoto kitakuchukia, kesho hata kumkamata hutaweza. Mara ya pili au ya tatu utaona lile gamba la kahawia limekuwa laini na linateleza lenyewe, hapo ndo unafuta mara moja tu, kutoka pembe ya puani kwenda nje. Pamba hiyo tupa. Usirudie nayo na usiivushe jicho la pili, kila jicho na pamba yake, hata kama yote mawili yanaumwa.

Kope zikishaachana, usaha uliokuwa umezibwa nyuma utatoka kwa pamoja, mzito wa manjano. Usitishike, hiyo ndo faida ya kazi yote. Mwagia maji ya chumvi kwa lile bomba la mililita 5 (hatusemi tena, bila sindano) mpaka yatoke masafi.

Sasa angalia mboni kwenye mwanga. Iking'aa na ukiona dirisha limejimulika ndani yake bila kukatika, vizuri. Ikiwa na wingu au alama, rudi hatua ya 1. Angalia pia kama ile nyama nyekundu ya ndani ya kope imegandana na mboni, ikigandana ikazoea inabaki hivo maisha, ndo sababu jicho la kitoto halitakiwi kufunga usiku kucha bila kuoshwa.

Kama daktari kakupa dawa ya macho, tia dakika tano baada ya kuosha. Dawa ya tyubu, urefu wa punje ya mchele unatosha, vuta kope la chini itie kwenye kifuko, ncha ya tyubu isiguse jicho. Ya maji maji na ya tyubu zikiwa pamoja, tanguliza ya maji, subiri, halafu tyubu.

Mara ngapi? Kuosha asubuhi, mchana na usiku kabla ya kulala. Dawa kama ilivyoandikwa, na nyingi ni mara tatu au nne, si mara moja ukikumbuka.

Onyo kubwa: soma maandishi ya kibokisi. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni, hidrokotisoni au prednisoloni, usitie bila ya daktari kulipima jicho kwa ile rangi. Hizo ni steroidi. Zinaondoa wekundu siku ya kwanza na kila mtu anafurahi, huku chini yake virusi vinapata nafasi na kidonda kinachimba mpaka jicho linapasuka. Dawa nyingi za macho za watu zimechanganywa nazo, na muuzaji akisikia ni paka anaweza kukupa ile iliyobaki shelfuni.

Umefanikiwa vipi: baada ya siku mbili tatu jicho linafunguka asubuhi bila kuloweshwa, usaha unageuka chozi la maji, na paka anakutazama kwa macho yote mawili sawasawa.

## Hatua ya 5: Pua

Paka hali kitu asichokinusa. Kwa hiyo pua iliyoziba ni njaa.

Futa kwa pamba ya maji ya uvuguvugu, halafu mpe mvuke. Ingia nae chooni au chumba kidogo, funga mlango na dirisha, weka ndoo ya maji ya moto ifunike nusu, kaa nae dakika kumi mpaka 15, mara mbili kwa siku. Yeye awe kwenye boksi lake au mkononi mwako, asifike kwenye ndoo. Usimfunike shuka juu ya sufuria kama anavyofanywa mtu, ataungua au atapaliwa.

Kwenye maji usitie kitu. Si majani, si Vicks, si mafuta ya karafuu. Najua sie karafuu ndo dawa ya kila kitu, na Pemba nzima inanukia karafuu wakati wa mavuno, lakini mafuta yake kwa paka ni sumu, ini lake halina njia ya kuyasaga. Mvuke mtupu unatosha, baada yake atapiga chafya nyingi na kamasi zitatoka, mfute, na hapo hapo mpe chakula.

## Hatua ya 6: Kula na kunywa

Chakula kiwe cha joto la mwili na kinachonukia. Jodari au changu wa kuchemsha bila chumvi, bila tungule wala kitunguu, toa miba yote ponda na supu yake kidogo, au dagaa waliorowekwa wakatolewa chumvi. Kitunguu maji na kitunguu thomu vyote vinaharibu damu ya paka, kwa hiyo mabaki ya mchuzi hapana, na ile dawa ya asali na thomu hapana vile vile. Samaki ni wa kuamshia hamu tu, akirudi kula mrudishe kwenye chakula cha vitoto vya paka au uchanganye, mana samaki peke yake wiki nenda wiki rudi hamtoshi.

Kitoto kinachonyonya kipewe maziwa ya unga ya vitoto vya paka. Ya ng'ombe yanamharisha, na kuharisha juu ya mafua kunamkausha haraka.

Akikataa mpe kwa bomba, amesimama kwa miguu yake, kichwa usawa, bomba pembeni mwa mdomo, tone tone ameze. Usimlaze chali kama mtoto mchanga, maziwa yataingia mapafuni na sasa utakuwa na nimonia. Na kama anapumua kwa shida usimlishe kwa nguvu kabisa.

Akiusogelea mlo lakini akilamba anarudi nyuma na mate yanamtoka, fungua mdomo uangalie ulimi. Pengine ni vidonda vya kalisi, hapo ana njaa ila anaumia, daktari atampa cha maumivu. Panadol usimpe hata chembe, inamuua. Diklofenaki na ibuprofeni pia.

## Hatua ya 7: Dawa ya daktari mpaka siku ya mwisho

Ikiwa ni klamidia, dawa ya kumeza ni kawaida doksisaiklini, na inakwenda wiki nne. Wiki nne, si siku nne. Macho yatakuwa safi wiki ya kwanza, ukiacha hapo wale waliobaki wanaanza upya, na hii ndo sababu namba moja ya "imerudi tena" zote ninazozisikia. Tena paka wote wa nyumba wanatibiwa pamoja, mana mmoja mzima machoni anaweza kuwarejeshea wenziwe.

Usikate kidonge cha mtu kwa kisu. Dozi inakwenda karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo kitoto cha gramu 800 anahitaji miligramu 8, na kapsuli moja ya mtu ya miligramu 100 ni dozi zaidi ya 12 zake. Mwambie daktari akutengenezee ya maji au akupe iliyopimwa. Na kidonge hichi kikikwama kooni kikavu kinachoma koo la paka mpaka linaziba, kila ukimpa fuatisha mililita 5 za maji kwa bomba au chakula pale pale.

Wapo wanaoambiwa wampe laisini ya unga kila siku eti inazuia hepesi. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa 2015 ilikuta haisaidii, pesa hiyo nunua chakula. Na asikloviri ya kumeza, ile ya watu, usiijaribu, inamharibu uboho. Dawa za virusi zinazomfaa paka zipo, ila daktari ndo wa kupanga.

## Hatua ya 8: Tafuta kinachoamsha

Sasa daftari. Kila siku andika uzito, jicho lipi, rangi ya uchafu, chafya nyingi au chache, na nini kimetokea nyumbani. Hepesi ikiamshwa leo, dalili haziji leo, zinakuja kama siku nne mpaka 11 mbele, ndo mana bila kuandika hutaunganisha. Mafua yakirudi, rudi nyuma kurasa za wiki moja na nusu usome.

Vinavyojitokeza sana kwetu ni hivi. Moshi ndo mkubwa: udi na ubani. Chetezo kinazungushwa kila chumba usiku wa Ijumaa na kitoto kiko chini ya kitanda na pua iliyochubuka. Sisemi muache, hii ni mila yetu na nyumba inataka kunukia, lakini mtoe paka uani kwanza na umrudishe moshi ukishatoka. Koili za mbu hivo hivo, weka neti. Jiko la mkaa ndani pia.

Pili ni safari na kuhama. Kitoto kimetoka Mkoani, Pemba, kwa boti mpaka Malindi ya Unguja ndani ya kikapu, kinafika kwa mashangazi wanne wapya na paka watatu, lazima ataumwa wiki ijayo. Mpe chumba kimoja cha kimya siku za mwanzo. Tatu ni wingi, paka wengi bakuli moja mchanga mmoja. Ongeza mabakuli, yatenganishe, mpe kila mmoja pa kujificha. Nne, unyevu wa masika na matandiko yasiyokauka, yaanike juani kila jua likitoka. Tano, minyoo na viroboto, vinamnyonya nguvu kimya kimya, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini usimpake paka, inamtia degedege na kumuua.

Ukishalijua la kwako, liondoe hilo moja uone mwezi unaofuata. Ukiondoa yote kwa pamoja sawa pia, ila hutajua lipi lilikuwa mchawi.

Mafua yakirudi bila ya sababu yoyote unayoiona, au yanatoka tundu moja la pua tu siku zote, mwambie daktari hivo hivo kwa maneno hayo. Pengine kuna nyama imeota nyuma ya pua, jani au mwiba umeingia, au kope limejikunja manyoya yanakwaruza mboni. Aulize na vipimo vya damu vya ukimwi wa paka na lukimia. Hayo hayaponi kwa tyubu hata uitie mwaka.

## Hatua ya 9: Chanjo na baada yake

Chanjo ya mseto ya paka inaanza wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16, halafu tena akikaribia mwaka. Haimzuii kuambukizwa, na aliyekwisha kuwa na virusi haimtolei, lakini inayafanya mafua yawe mepesi. Subiri apone kwanza, apige wiki mbili hivi akiwa mzima. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya yako kabla hujamsafirisha, mana chanjo za paka hazipatikani kila mahali kila wakati na zinataka kukaa kwenye baridi.

Akifika umri mfunge uzazi. Dume anayepigana na jike anayebeba mimba baada ya mimba, wote virusi vinaamka, na mama anawapa watoto wake wakiwa bado wananyonya.

Wengine wakikua wanabaki na chozi jembamba la maji kwenye jicho moja, au wanapiga chafya mbili tatu upepo wa kusi ukianza. Hiyo si ya kukutoa usingizini. Mfute kwa maji ya uvuguvugu, mpe chakula kizuri, mwache atulie. Likigeuka zito na la kijani, au akianza kulibana jicho, siku hiyo hiyo unamtenga na kumpeleka akapimwe, usifungue ile tyubu ya zamani iliyobaki kabatini, ikishafunguliwa na mwezi ukapita itupe.